Barua ya wazi kutoka Chalinze: tairi lina umri, na hakuna anayeuliza

Kwa wakuu wa TBS (Shirika la Viwango), wa LATRA (wadhibiti wa usafiri wa ardhini) na wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na kwa kila mwenye kalamu ya kuandika kwamba gari hili litembee au lilale.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni fundi matairi. Nipo Chalinze, karibu na njia panda, pale gari la Arusha linapoagana na gari la Morogoro. Nilianza nikiwa kijana wa kukanyaga pampu, leo nina kompresa, jeki mbili za tani 20 na vijana watatu. Shahada sina. Ninachokijua nimekijua kwa kufungua matairi ya watu usiku na mchana na kuangalia kilichomo ndani.

Kila siku naulizwa swali lilelile kwa midomo tofauti. Fundi, hili la mtumba litanifikisha Moshi? Fundi, haya mapya ya bei poa yakoje? Eti haya yaliyovishwa kashata upya yanaua? (Kwa wasomaji wasio wa gereji: kashata ninayoisema hapa si ile ya nazi, ni ile michongo ya tairi inayoshika barabara.) Nimekuwa nikijibu ninavyoweza, lakini jibu langu halina nguvu, kwa sababu mimi pia nauza matairi. Mteja akinisikiliza anamsikia mfanyabiashara. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, ambao hamuuzi.

Nianze na Noah moja. Desemba ya miaka ya karibuni, saa nne usiku, iliingia kwangu ikichechemea. Baba, mama, watoto wanne, bibi yao, na juu ya paa mizigo ya sikukuu imefungwa kwa kamba ya katani. Wanatoka Dar, wanaelekea Rombo. Baba akasema usukani ulianza kutetemeka wamepita Mlandizi, na kwa nyuma kuna kitu kinapiga kama ngoma. Akaniwahi kabla sijainama: "Lakini fundi, tairi si tatizo. Hilo ni kama jipya, nimelinunua wiki iliyopita. Angalia kashata hiyo."

Kweli, kashata ilikuwa nene, kidole kinazama. Na tairi lilikuwa linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikapitisha kidole gumba ubavuni, kikarudi cheusi. Ilikuwa polishi. Nikalala chini na tochi kwa upande wa ndani, kwa sababu namba ninazozitafuta mara nyingi zimeandikwa ubavu mmoja tu, na ukiwa na bahati mbaya ubavu huo ndio umegeuziwa ndani. Nikazikuta: 3808. Maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2008. Pembeni yake limeandikwa STUDLESS, yaani tairi la theluji, lililotengenezwa kwa mpira laini ili lishike barabara za baridi kali kule Japani. Lilishuka bandarini likiwa chini ya gari la mtu, likavuliwa, likapigwa rangi, likauzwa. Mpira wa namna hiyo ukiukimbiza juu ya lami ya Pwani saa nane mchana unakuwa kama ubani juu ya kaa.

Tulipolifungua nikachukua bisibisi, nikaigusisha kwenye ukingo wa kashata. Iliingia mpaka kwenye mpini, kama unachoma andazi. Mkanda wa nyaya ulio chini ya kashata ulikuwa umeshaachana na mpira, bado kidogo tu ngozi yote ya kashata ivuke.

Baba akatazama, akanyamaza, halafu akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi: "Fundi, unataka kuniuzia tairi." Sikuudhika. Alikuwa ametoa 60,000 kwa tairi lile, na jipya la bei ya chini kabisa lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Tukashusha spea. Nikasoma: 2006. Mama watoto, ambaye muda wote alikuwa amembeba mdogo aliyelala, akasema taratibu, "Baba Neema, sisi tunalala hapa hapa." Wakalala kwenye gari. Asubuhi shemeji mtu akatuma hela kwa simu, wakaondoka saa mbili. Sijawahi kujua walifikaje, na sitaki kuwadanganya kwamba niliokoa watu. Nilibadilisha tairi, basi.

Lakini tangu usiku ule najiuliza: gari lile lilipita mikono mingapi? Lilikaguliwa likitoka Japani au likifika, likasajiliwa, likakatiwa bima, kioo chake kina stika. Kila mmoja aliuliza gari ni la mwaka gani. Tena tunalipishwa kwa hilo: gari likizidi miaka minane, ushuru wa uchakavu unapanda. Umri wa bodi tunautoza kodi. Umri wa kitu pekee kinachogusa barabara hauandikwi kwenye karatasi yoyote niliyowahi kuoneshwa na mteja.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi kwamba namba hizo nne zipo. Tangu mwaka 2000 matairi yameandikwa wiki na mwaka kwa tarakimu nne, ndani ya kiduara kirefu kama kidonge. Ukikuta tarakimu tatu, hilo ni la kabla ya 2000, na ndiyo, nimeshayakuta. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi lianze kutiliwa shaka likifika miaka sita, na watengenezaji wa matairi wenyewe wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kama halijatembea. Mpira unazeeka kwa hewa na joto. Unakauka kwa ndani kama mkate uliosahauliwa kabatini, ambao kwa nje bado una umbo la mkate. Kashata haisemi lolote kuhusu hilo. Tena tairi zee lenye kashata nene ndilo baya zaidi, kwa sababu linaaminika.

Waingereza walijifunza hili kwa maiti. Septemba 2012 basi lililobeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, huko Surrey. Watu watatu walikufa, dereva akiwamo. Tairi lile lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Mama wa mmoja wa waliokufa alipiga kelele miaka na miaka, na hatimaye tarehe 1 Februari 2021 sheria ikaanza: hakuna tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya basi wala lori. Kutoka ajali mpaka sheria ni zaidi ya miaka minane. Nchi tajiri, yenye kamera kila kona. Sisi hatuna haja ya kusubiri mama wa kwetu apige kelele hizo, somo limeshalipiwa.

Sasa nije kwenye haya mapya ya bei ndogo, maana najua wengine mnaona hayo ndiyo adui. Kwangu mimi, tairi jipya la bei ya chini, lenye majina tusiyoweza kuyatamka, linalolingana na gari kwa ukubwa na uwezo, nalichukua kabla ya mtumba wa jina kubwa wenye miaka 12. Na jina kubwa si kinga. Agosti 2000 Firestone waliita warudishiwe matairi milioni 6.5 kule Marekani, kwa sababu ngozi ilikuwa inavuka gari likiwa kwenye mwendo, hasa kwenye Ford Explorer. Yalikuwa mapya, ya kampuni ya heshima, na bado watu walikufa.

Hii haimaanishi bei ndogo haina gharama. Gharama yake huonekana mvua ikinyesha. Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2012 unabandika kwenye matairi karatasi yenye herufi, na mojawapo inapima tairi linavyosimama kwenye maji. Walivyopiga hesabu, gari dogo la kawaida likifunga breki kwenye mwendo wa kilomita 80, tofauti ya tairi bora na la daraja la chini inaweza kufika mita 18. Hizo ni Kosta mbili na nusu zimepangwa mstari mmoja. Mteja wangu wa Chalinze hana karatasi hiyo. Anaona duara mbili nyeusi, moja 130,000 na nyingine 280,000, na anaambiwa zote ni tairi. Mngemlazimisha muuzaji aandike herufi ile kwa Kiswahili, kwa kalamu hata ya mkono, mteja angejua analipia nini na anakosa nini.

Na kuna kosa moja ambalo nalikuta karibu kila wiki, na sijawahi kusikia gari limesimamishwa kwa ajili yake. Hiace ya abiria imefungwa tairi la gari dogo, kwa kuwa ringi ni ya inchi 15 na tairi "limekubali". Ubavuni, baada ya ukubwa, kuna namba ya uzito. Ya tairi la gari dogo la aina hiyo ni 91, maana yake kilo 615. La Hiace linalotakiwa ni 107, maana yake kilo 975. Tofauti ni kilo 360 kwa kila gurudumu, magunia matatu na nusu ya mahindi ambayo hayana wa kuyabeba. Tairi hilo linaweza kuwa jipya, la leo asubuhi, na bado ni kosa. Abiria wakibanana mpaka mlangoni, ukuta wa tairi unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na joto ndilo linalolimaliza.

Nikitaja joto nakumbuka ubishi mwingine. Madereva wengi, tena wazoefu, wananiambia niwapunguzie upepo kwa sababu "jua kali, litapasuka". Kuna mzee mmoja wa fuso tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikamwambia, mzee wangu, tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto, kwa kuwa linajipinda zaidi. Akanijibu, "Wewe kijana umesoma wapi?" Nikampimia. Nikamwambia aende Morogoro na akirudi aguse kwa mkono, moja tumelijaza sawa, lingine alivyotaka yeye. Alirudi kesho yake jioni, hakusema kitu, akaninunulia soda. Jambo kama hili lingekuwa kwenye mtihani wa leseni, mimi ningepungukiwa wateja wa usiku.

Haya, matairi yaliyovishwa kashata upya. Hapa nitawaudhi wengi, wakiwamo wenzangu wa gereji.

Tairi lililovishwa kiwandani kwa utaratibu si la kuogopwa. Mwili wa tairi la lori huundwa imara ukijulikana kwamba kashata itaisha kabla ya mwili wenyewe kuisha. Niliwahi kuingia kiwanda kimoja cha kazi hiyo Dar es Salaam, nimempeleka mteja. Tairi linaanza kwa kukaguliwa ndani na nje, kila tundu la msumari linazungushiwa chaki. Linafungwa kwenye mashine, linazunguka huku meno ya chuma yakiinyoa kashata ya zamani mpaka unabaki mwili laini, na chumba kizima kinanuka mpira ulioungua. Vidonda vinachimbwa, kutu ya nyaya inaondolewa, vinajazwa mpira mbichi. Gundi, halafu utepe mpya wa kashata unavingirishwa kuzunguka. Linavalishwa mfuko wa mpira, linanyonywa hewa, linaingia tanurini kupikwa saa kadhaa kwa joto la nyuzi 100 na ushee. Likitoka huoni pa kuanzia kubandua. Kati ya matairi manane tuliyopeleka, matatu waliyakataa wakaturudishia. Mteja alinung'unika njia nzima. Mimi pale ndipo nilipowaamini.

Matairi ya ndege za abiria nayo huvishwa upya, tena zaidi ya mara moja. Abiria anayekataa tairi lililovishwa kwenye basi huenda alishatua nalo uwanja wa ndege bila kumwagika hata kahawa. Tofauti ni daftari. La ndege lina namba yake, na kuna mtu anayejua limetua mara ngapi, limevishwa mara ngapi, na lini linatakiwa kufa.

Marekani nako waliwahi kujiuliza kama vile vipande vya mpira vilivyotapakaa barabarani vinatokana na matairi ya kuvishwa. Chuo Kikuu cha Michigan kilikusanya na kuvichambua kwa niaba ya NHTSA, mamlaka yao ya usalama wa barabara kuu, na ripoti ikatoka 2008. Wakakuta vipande vya matairi yaliyovishwa na vya matairi ya awali vinalingana na wingi wa kila aina barabarani. Yaliyoua mengi ya matairi hayo ni vitu vya barabarani na joto lililopita kiasi, ndugu wa upepo mdogo na mzigo. Hata hivyo, Wamarekani hao hao hawaruhusu basi kufungwa tairi lililovishwa kwenye magurudumu ya mbele. Naona wana akili. Nyuma likipasuka moja, lipo la pembeni yake. Mbele likipasuka, dereva anabaki na usukani usiomsikiliza.

Ninaloliogopa ni lile linalojiita limevishwa na halijavishwa. Kuna kuchonga: tairi limeshakuwa kipara, mtu anachukua kisu cha moto anachimba kashata mpya kwenye mpira mwembamba uliobaki juu ya nyaya. Kuchonga si haramu kila mahali. Matairi mengi ya malori yameandikwa REGROOVABLE na yamewekewa nyama ya ziada kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo halina nyama hiyo. Ukilichonga umeshafika kwenye mfupa. Na kuna kubandika: kashata ya tairi moja inabandikwa juu ya mwili wa lingine kwa gundi na jua, bila kukaguliwa wala kupikwa.

Hapa lazima nijisemee mwenyewe, maana barua ya kulaumu wengine tu haina uzito.

Kwa miaka mingi matairi niliyoyakataa niliyarundika nyuma ya kibanda. Vijana walikuja na mkokoteni wakayanunua, 3,000, 5,000, wakasema wanakwenda kukata katambuga. Mimi nikaona sawa, Wamasai wavae viatu. Siku moja nilikataa tairi la basi lenye nundu ubavuni, kubwa kama yai, na kwa hasira nikalipiga alama ya msalaba kwa rangi nyeupe ili konda asije akalirudisha. Likaenda na mkokoteni. Kama wiki tatu baadaye ikaja Kosta kuziba pancha. Namfungulia, naona ubavuni, chini ya polishi, mstari mweupe. Nikasugua kwa petroli. Msalaba wangu. Nundu imekatwa kwa wembe ikasawazishwa, na kwa ndani pamewekwa kipande cha tairi lingine kama kiraka cha suruali. Kashata imechongwa upya.

Niliuza lile tairi kwa 5,000. Dereva alilinunua kwa 90,000, akanionesha na risiti ya mkono. Siku hizi tairi ninalolikataa nalipasua ubavu kwa shoka kabla mwenye gari hajaondoka. Wengine wanagomba kwamba nimewaharibia mali. Sina sheria ya kuwaonesha, nina shoka tu.

Basi maombi yangu ni haya, na sitawapangia ratiba ya kazi.

Msipige marufuku matairi ya bei ndogo. Mkifanya hivyo mwenye bodaboda ya mizigo na mwenye Noah ya Rombo hawatanunua ya gharama. Watatembelea vipara mpaka waya zionekane, au watayanunua hayo hayo kwa bei ya magendo. Zamani tulikuwa na General Tyre pale Arusha, na majirani wa Nairobi walikuwa na kiwanda cha Yana. Tairi likiwa na kasoro ulijua mlango wa kugonga. Cha Arusha kimelala miaka mingi, cha Nairobi kilifungwa 2016. Leo karibu kila tairi ninalolifunga limevuka bahari, na wa kumgongea mlango simjui. Kwa hiyo mlango huo ni ninyi.

Ninachoomba ni umri. Tairi lolote linalouzwa, jipya au la mtumba, mwaka wake uandikwe kwenye risiti. Nimeona hata "mapya" yaliyofungwa nailoni yakiwa na miaka saba, yamekaa juani nje ya duka yakisubiri bei. Muuzaji akilazimika kuuandika mwaka, mteja atauliza, na akianza kuuliza nusu ya kazi yenu imekwisha. Wekeni kikomo: kwa magari ya abiria, miaka 10 kwa mbele kama Waingereza. Mkiona joto letu linadai sita, mimi nitawaunga mkono. Kwa tairi la kuvishwa, kiwanda kilipige muhuri: nani amelivisha, wiki na mwaka gani, ni mara ya ngapi. Kanuni namba 108 na 109 za Umoja wa Mataifa zinadai tairi liandikwe RETREAD na tarehe ya kuvishwa, kwa hiyo hamtaanza kutunga kitu kipya. Na liondoke kwenye ekseli ya mbele ya basi.

Anayelikataa tairi apewe ruhusa ya kulipasua. Mkaguzi, polisi, hata fundi aliyesajiliwa. Tairi lililokataliwa likibaki zima litarudi barabarani. Nawaapia kwa msalaba wangu mweupe.

Na ukaguzi wenyewe, ndugu zangu, wakati mwingine ufanyike mkiwa mmelala chali. Namuona mkaguzi anazunguka basi, anaangalia kizima moto, pembe tatu, mikanda, anagonga tairi la nje kwa kiatu. Basi lina matairi mawili mawili nyuma. La ndani halionekani ukiwa umesimama, na huko ndiko mwenye gari anakoficha zee kuliko yote, akijua la nje litapigwa kiatu. Likiwa na upepo mdogo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, na safari ya Mbeya inaanza kwa tairi moja linalofanya kazi ya mawili. Mzee wangu wa kazi, Mungu amrehemu, alinifundisha kugonga kwa spana na kusikiliza. Zima linaitika. Lililoachana kwa ndani linajibu kwa sauti ya gogo lililooza. Viwanda vikubwa sasa vina mashine za kuona ndani ya tairi, na ni vizuri, lakini spana moja na tochi vinatosha kuanzia Jumatatu.

LATRA, mmefunga vifaa kwenye mabasi ya mikoani, mwendo wa basi mnauona mkiwa ofisini. Ni kazi nzuri, na madereva wanawanung'unikia, maana yake vinafanya kazi. Sasa basi lile lile mnalolijua linakwenda kilomita ngapi kwa saa, ongezeni safu moja kwenye faili lake: umri wa matairi sita. Litajazwa na mwenye basi, litahakikiwa kituoni kabla ya alfajiri. Nipo tayari kuja kuwafundisha vijana wenu kuzisoma namba hizo, nauli najilipia. Darasa lote ni dakika tano, na nne kati ya hizo ni za kutafuta ubavu zilikoandikwa.

Nikimaliza, nawaomba jambo dogo ambalo halihitaji kikao. Jioni hii mkifika nyumbani, kabla hamjaingia ndani, chukueni tochi ya simu mkasome namba nne za gari lenu wenyewe, matairi yote. Msiiache spea.

Ni mimi,
Fundi matairi, Chalinze